Wapanda Farasi wa Napoleon Mezani: Kufufua Sanamu Zilizopita Mikononi mwa Wengine

Fungu la sanamu ndogo za wapanda farasi wa enzi ya Napoleon, za mchezo wa vita wa mezani, likifika, zikiwa zimeshatumiwa na watu wawili watatu, jicho hukimbilia rangi. Bluu imechujuka, nyeupe imekuwa manjano, nyuso hazina macho. Lakini rangi si ugonjwa wa kuua. Kinachoua kikosi cha farasi ni kifundo cha mguu na kiganja cha mpandaji. Askari wa miguu ana kitako kipana, yaani kibao cha chini cha sanamu, na bunduki iliyoshikamana na bega. Akianguka huinuliwa tu na mchezo ukaendelea. Farasi anayekwenda mbio husimama juu ya kwato mbili, pengine moja, huku amebeba mtu mzima wa risasi na bati aliyenyoosha upanga hewani. Kwa hiyo kazi ianzie miguuni, ipande mkononi, na rangi ije baadaye.

Kabla ya yote, jua sanamu imetengenezwa kwa nini, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Sanamu za zamani za milimita 25 (kimo cha mtu), zile za miaka ya 1970, mara nyingi zina risasi nyingi: ni nzito, laini, na ukikwaruza chini ya kitako kisha ukasugua penye mkwaruzo kwenye karatasi nyeupe, huacha alama ya kijivu kama penseli. Za milimita 28 za siku hizi huwa na bati zaidi, zinang'aa na ni ngumu, na mguu wake ukipindwa mara mbili tatu hukatika. Ipo plastiki ngumu ya polistirini, ipo rezini inayovunjika kama kigae, na ipo plastiki laini ya kipimo cha 1/72 inayopinda na kurudi. Hii ya mwisho, upanga uliopinda hunyooshwa kwa maji ya moto sana: tumbukiza nusu dakika, nyoosha kwa vidole, ingiza mara moja kwenye maji baridi. Ukiunyoosha bila maji ya moto, kesho yake utaukuta umepinda vilevile.

Kwenye sanamu za risasi, tafuta unga mweupe au wa kijivu, hasa tumboni mwa farasi, chini ya kitako na penye mikunjo. Huo ni ugonjwa wa risasi. Mvuke wa asidi, hasa ya siki, inayotoka kwenye mbao, kadibodi na baadhi ya gundi, hula risasi na kuigeuza kuwa chumvi inayovimba na kubanduka. Vaa glavu na barakoa, sugua sanamu ikiwa ndani ya maji ili unga usiruke, ikaushe kabisa, kisha ifunike kwa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, siku hiyohiyo. Ikiwa unga umechimba hadi mguu umebaki mwembamba kama uzi, hapo ni sikio la kufa: mtafute farasi mwingine. Maji ya kusugulia na vumbi la tupa visimwagwe kwenye sinki la jikoni. Risasi hupigwa tupa na msasa ikiwa imelowa, halafu mikono inaoshwa kabla ya kugusa chakula.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba sanamu za chuma zilowekwe kwenye siki ili praima ishike. Kwa sanamu ya risasi, huko ni kuupanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Sabuni ya maji na mswaki vinatosha.

Je, rangi ya zamani iondolewe? Si lazima, na nadhani watu wengi huiondoa kwa pupa. Shika sanamu penye mwanga wa pembeni utazame hatamu na kamba za kifuani. Ukiona kingo zake zimesimama vizuri, rangi ile ni nyembamba na imeshika. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, paka praima kiasi penye majeraha, endelea. Ukiona hatamu imezama kama kamba ndani ya uji, na vifungo vya koti havihesabiki, basi rangi imerundikana tabaka juu ya tabaka na lazima itoke. Sababu nyingine ya kuiondoa ni vanishi ya zamani yenye kung'aa iliyoanza kupasuka, kwa maana rangi mpya itapasuka nayo. Ila kabla ya kuondoa chochote, piga picha kila mpandaji pande zote mbili. Pengine mpakaji wa kwanza alijua rejimenti aliyokuwa akiipaka, na rangi ya kola ndiyo ushahidi pekee uliobaki.

Kwa chuma, dawa iliyozoeleka ni Dettol ya kahawia isiyotiwa maji. Jaza chombo cha kioo chenye mdomo mpana hadi farasi wazame, funika, acha saa 24. Hatua inayofuata ndiyo inayowaponza wengi: wanaitoa sanamu na kuipeleka moja kwa moja bombani. Maji yakikutana na Dettol iliyojaa rangi iliyolainika, vyote hugeuka ulimbo mzito unaonata kwenye manyoya ya shingo ya farasi na kwenye mikunjo ya koti, na hautoki kwa sabuni. Sugua kwa mswaki uliochovya kwenye Dettol ileile, futa kwa kitambaa, suuza kwa Dettol safi kidogo au kwa alkoholi, na hapo ndipo maji na sabuni vije. Ulimbo ukishatokea, usipambane nao. Irudishe sanamu ndani ya Dettol kwa saa chache uanze upya. Rangi za enameli za zamani hung'ang'ania, zinaweza kutaka siku mbili au duru ya pili.

Asetoni hufanya kazi hiyo kwa dakika, tena inakula gundi ya zamani, hivyo mpandaji na farasi huachana wenyewe. Lakini ni ya chuma peke yake. Polistirini ikiingia humo hugeuka ute. Inashika moto upesi na mvuke wake ni mkali, kwa hiyo fanya kazi nje au penye dirisha wazi, mbali na moto, na tumia chombo cha kioo. Plastiki ngumu ipewe alkoholi ya isopropili, nayo kwa kujaribu sanamu moja kwanza: dakika kumi, sugua, tazama kama kingo zimelainika, ndipo uziweke zilizobaki. Mafuta ya breki yanatajwa pia. Yanaondoa rangi kweli, lakini yanaunguza ngozi na kuyasafisha ni adha, sioni sababu ya kuyatumia.

Mpandaji aliyegundishwa vibaya kwenye tandiko atolewe bila nguvu. Weka sanamu kwenye friza saa moja au mbili. Supagluu ikiganda kwa baridi hukakamaa na kupoteza ushikaji, na ukimzungusha mpandaji kidogo kwa vidole hutoka kwa mlio mdogo. Asipotoka, rudisha frizani. Kumng'oa kwa koleo kutampinda kiuno, na mpandaji aliyepinda kiuno hakai tena.

Sasa miguu. Farasi aliyekatika kwenye kifundo hawezi kusimama kwa gundi tupu, hata gundi iwe nzuri kiasi gani: uso wa mkatiko ni milimita moja na nusu au mbili, na uzito wote wa chuma uko juu, unaoning'inia mbele. Anahitaji waya ndani. Chukua keekee ndogo ya mkono yenye biti ya milimita 0.6 na waya wa shaba njano wa 0.5. Lainisha mkatiko kwa tupa, tia alama katikati kwa ncha ya kisu ili biti isiteleze, kisha zungusha taratibu kwa vidole, mizunguko mitatu minne, toa vumbi, rudia. Paka biti nta ya mshumaa. Biti haikatiki kwa kuzungushwa. Hukatika kwa kusukumwa na kwa mkono kuyumba. Ikizama milimita tatu hadi nne inatosha. Upande wa pili usikadirie kwa macho: weka tone dogo la rangi kwenye ncha ya waya, kutanisha vipande viwili, na doa litakalobaki ndilo mahali pa kutoboa. Unganisha kwa epoksi ya sehemu mbili, ile ya dakika tano au zaidi, maana inakupa nafasi ya kumnyoosha farasi kabla haijakaza. Supagluu ni ngumu lakini haivumilii mshtuko.

Farasi anayesimama kwa mguu mmoja wa nyuma, waya wake usiishie kwenye kitako cha chuma. Upite hadi chini, ukunjwe, uzibwe kwa puti ya epoksi. Na kama kifundo ni chembamba mno hakitobokeki, acha; pitisha waya mnene zaidi pembeni mwa kwato, na uufiche baadaye kwa jiwe au kichaka cha nyasi. Mezani hakuna atakayeuona. Mguu uliopinda bila kukatika urudishwe mara moja, polepole, ukishikwa pande zote mbili za mpindo. Ukiupeleka huku na huku kutafuta ulipokaa vizuri, chuma huchoka na mguu hukubakia mkononi.

Kiganja ni kazi ya subira zaidi. Mikuki ya sanamu za zamani ni ya chuma laini iliyomiminwa pamoja na mkono, na haikosi kupinda. Ikate juu na chini ya ngumi, utobolewe mwanya mpya. Ngumi ya mpandaji wa milimita 28 ina unene wa milimita mbili hivi, kwa hiyo tundu la milimita 0.9 linaacha ukuta wa nusu milimita tu kila upande. Anza juu kwa biti ya 0.5 hadi katikati ya ngumi, geuza, anza chini, matundu yakutane, kisha panua kwa 0.7 na mwisho 0.9. Ukitoboa kutoka upande mmoja moja kwa moja, biti itatokea kwenye vidole. Ukuta ukipasuka, si mwisho wa dunia: pitisha waya, bana, jaza kwa puti kiasi cha punje ya mtama na uchonge vidole kwa sindano. Waya wa chuma wa 0.8 ndio mkuki mzuri, haupindi ovyo. Mkuki wa Wafaransa ulikuwa na urefu wa karibu mita 2.7, na kwa kipimo cha 1/56, ndicho cha sanamu za milimita 28, hiyo ni milimita 48. Wengi huweka mirefu zaidi kwa kupendezwa, kisha hushangaa kwa nini kikosi kinakwaruzana kikisogezwa. Ncha ichongwe butu. Waya wa chuma uliochongwa mkali hudunga kidole kweli.

Upanga uliokatika hutengenezwa kwa waya huohuo wa shaba njano. Kata kipande, kilaze juu ya chuma bapa, kigonge kwa nyundo ndogo hadi kiwe bapa, kisha tupa itengeneze ukingo na ncha. Acha milimita tatu za chini bila kugongwa, ndizo zitakazoingia mkononi. Hapa vipimo vina maana, kwa sababu upanga ndio unaomtambulisha mpandaji kwa mbali. Upanga ulionyooka wa wapanda farasi wazito wa Ufaransa ulikuwa na bapa la sentimita 97, yaani milimita 17 kwenye 1/56. Ule uliopinda wa wapanda farasi wepesi wa Uingereza, muundo wa 1796, bapa lake lilikuwa sentimita 83 au zaidi kidogo: milimita 15, mpana kuelekea ncha. Ukimpa askari mzito upanga uliopinda, mchezaji anayejua ataona kabla hujamaliza kupanga mstari.

Praima ipigwe kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mapigo mafupi yanayoanzia nje ya sanamu. Ikipigwa kutoka mbali mno hukauka hewani na kutua kama chenga za mchanga. Karibu mno hujaza hatamu. Rangi ikijikusanya na kuacha matundu, kuna mafuta ya vidole, osha tena. Siku ya unyevunyevu mwingi, acha.

Farasi ndiye anayechukua nafasi kubwa kuliko mpandaji, na ndiye anayekipa kikosi umoja. Fungu la mtumba likiwa na farasi wa watengenezaji wawili au watatu, rangi moja ya farasi na vitako vya aina moja huwafanya wawe kikosi hata kama nyuso hazilingani. Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya rangi ya mafuta. Paka farasi mzima akriliki isiyong'aa ya hudhurungi iliyokolea machungwa, mwepesi kuliko unavyomtaka. Ikikauka, mpake amba iliyochomwa (hudhurungi ya giza) ya mafuta mwili mzima, tabaka jembamba, ukiisukuma ndani ya misuli. Kabla ya hapo minya rangi juu ya kadibodi uiache nusu saa, kadibodi inyonye mafuta yaliyozidi. Itakauka upesi na haitang'aa sana. Subiri dakika 15 hadi 30, kisha futa kwa kipande cha sponji kikavu, kuanzia mgongoni na kwenye mapaja kushuka chini. Penye mwinuko rangi ya chini inachomoza, penye bonde giza linabaki, na kati yake kunakuwa na mpito laini ambao brashi ya akriliki inautafuta kwa tabaka sita. Futa kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza utapata farasi mwenye madoa. Amba hukauka mapema kuliko mafuta mengi kwa sababu ya manganizi iliyomo, siku mbili tatu zinatosha, ila nyeusi ya mafuta huchelewa sana, hivyo farasi weusi afadhali uwapake kwa akriliki.

Kisha alama za mwili. Farasi wa hudhurungi aliye wa kawaida zaidi ana shingo na mkia wenye manyoya meusi, na miguu myeusi kutoka kwenye goti kushuka. Ncha za masikio pia. Yule mwekundu-kahawia ana manyoya ya rangi ya mwili wake au mepesi zaidi, kamwe si meusi. Kuchanganya hawa wawili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye vikosi vilivyopakwa vizuri kwa mengine yote. Mguu wenye soksi nyeupe una kwato nyepesi ya rangi ya pembe. Mguu mweusi una kwato ya kijivu cha giza. Farasi mweupe asipakwe nyeupe tupu: anza na kijivu chenye joto, pandisha hadi karibu na nyeupe mgongoni, tia waridi kidogo kwenye pua.

Historia nayo inasaidia mfuko. Wapiga tarumbeta wa Ufaransa kwa desturi walipanda farasi wa kijivu, kwa hiyo farasi mmoja wa kijivu aliyezagaa kwenye fungu tayari ana mwenyewe. Rejimenti ya Scots Greys ya Uingereza yote ilikuwa juu ya farasi wa kijivu, kama walivyokuwa Waterloo tarehe 18 Juni 1815. Wapanda farasi wa deraya wa Ufaransa walipendelea farasi weusi na wa giza, lakini baada ya kampeni ya Urusi ya 1812 Ufaransa ilikosa farasi vibaya sana. Kikosi cha 1813 chenye farasi wa kila rangi kina haki yake yote.

Kwenye sare, acha kofia na deraya vikuambie mwaka kabla ya kuchagua rejimenti. Wakarabinia wa Ufaransa (aina ya wapanda farasi wazito) wenye deraya na sare nyeupe ni wa kuanzia 1810. Kwenye vita vya Wagram, Julai 1809, walipigana kwa koti la bluu na kofia ya manyoya ya dubu. Wapanda farasi wepesi wa Uingereza wenye helmeti ya ngozi yenye kishungi ni wa vita vya Hispania hadi 1812. Wa Waterloo wana shako, kofia ndefu ya mviringo. Ukikuta aina zote mbili kwenye sanduku moja, una vikosi viwili nusunusu, wala rangi haiwezi kuficha hilo. Wadraguni wa Ufaransa wana helmeti ya shaba njano na koti la kijani. Wa deraya wana helmeti ya chuma yenye kishungi cha juu cha shaba njano, na koti la bluu ya giza. Kwa hao wa deraya, kundi la rejimenti linasemwa na kola: kwa kanuni za 1812, ya 1 hadi ya 3 nyekundu, ya 4 hadi ya 6 machungwa ya alfajiri, ya 7 hadi ya 9 manjano, ya 10 hadi ya 12 waridi, ya 13 na 14 zambarau ya mvinyo. Fungu la deraya kumi na wawili wenye mabaki ya kola za rangi mbili huokolewa kwa mipigo ishirini na nne ya brashi namba 0.

Bluu ya giza ipakwe nyepesi kuliko sare halisi, kwa maana kwa umbali wa mita moja hugeuka nyeusi. Mikanda myeupe itenganishwe na koti kwa mstari mwembamba wa giza. Mstari huo ndio unaofanya mpandaji asomeke mezani, kuliko macho yaliyopakwa kwa siku nzima.

Vanishi iwe tabaka mbili: ya kwanza inayong'aa, kwa kuwa ndiyo ngumu, ya pili isiyong'aa ya kuua mng'ao. Ikitokea ukungu mweupe baada ya kupuliza, unyevu umeingia; tabaka jembamba la vanishi inayong'aa kwa brashi mara nyingi huuondoa. Vanishi isiyong'aa hufanya deraya iwe kama zege, hivyo mwishoni rudi na brashi ndogo uguse kwa vanishi inayong'aa deraya, helmeti na bapa la upanga peke yake.

Vitako vya upana wa milimita 25 kwa kila mpandaji wa milimita 28, urefu 50, vinakubalika kwenye kanuni nyingi za mchezo. Karatasi ya sumaku chini, sanduku la bati la kuhifadhia. Kitako kizidi kwato na mkia kwa milimita moja mbili kila upande, ili vidole vishike kitako badala ya mkuki. Sanduku lisiwe la mwaloni wala la kadibodi kwa sanamu za risasi, na lisifungwe hadi harufu ya vanishi iishe kabisa.